Hukumu ya Nairobi, mali iko Kampala: namna ya kukazia hukumu ya nje nchini Uganda

Umeshinda kesi Nairobi au Dar es Salaam. Mdaiwa wako ana duka Kikuubo, lori Malaba na akaunti ya benki Kampala. Karatasi uliyo nayo, hata ikiwa na mhuri wa Mahakama Kuu ya kwenu, haimlazimishi mtu yeyote Uganda kukulipa hata shilingi moja mpaka mahakama ya Uganda iipokee na kuifanya kama yake. Jinsi ya kuifikisha hapo na kuikazia, yaani kuifanya itekelezwe kwa nguvu ya mahakama, inategemea hukumu imetoka wapi, inasema nini na ina umri gani.

Madai mengi ya namna hii hukwama yakiwa na haki kabisa. Mtu ametumia sheria isiyomhusu, au amehesabu siku kuanzia tarehe isiyo sahihi, au ameleta jina ambalo si la mdaiwa. Makosa hayo yote huanzia kwenye maana ya maneno, kwa hiyo maneno ndiyo ya kusomwa kwanza.

Jambo moja kabla ya hapo. Namba za Sura zilizomo humu, yaani namba ambazo kila sheria hupewa katika mkusanyo wa sheria, ni za toleo la sheria za Uganda la mwaka 2000, ambalo ndilo linalotajwa katika hukumu nyingi utakazosoma. Toleo jipya lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024 na namba zimebadilika. Wakili wako aandike namba mpya kwenye ombi, na akinukuu kesi ya zamani aweke zote mbili.

Hatua ya 1: Pima karatasi yako kwa maana za kisheria

*Mahakama ya nje.* Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Uganda, Sura ya 71, kifungu cha 2, inasema ni mahakama iliyo nje ya mipaka ya Uganda na isiyo na mamlaka ndani ya Uganda. Kwa maana hiyo mahakama ya Kisumu ni ya nje, na ya Mwanza vilevile, hata kama sote tuko ndani ya Jumuiya moja. Uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki peke yake haufanyi hukumu ya nchi moja itembee yenyewe hadi nchi nyingine. Watu wengi huvuka mpaka wakiamini hivyo, na hupoteza miezi.

*Hukumu.* Katika sheria za kutambuliana, yaani zile ambazo nchi hupokeleana hukumu, hukumu ni uamuzi wa kesi ya madai unaoamuru kiasi cha fedha kilipwe. Soma sentensi ya mwisho ya dikrii yako, yaani ile hati fupi inayotoa amri baada ya hukumu. Ikisema "mdaiwa alipe shilingi kadhaa", uko ndani. Ikisema "mdaiwa aache kutumia nembo ya mdai" au "mdaiwa akabidhi mashine", hakuna usajili hapo. Utalazimika kufungua kesi Uganda. Kodi, faini na adhabu za serikali ya nje hazisajiliwi kamwe, hata kama zimetajwa kwa shilingi na senti. Amri ya mahakama ya nje kuhusu kiwanja kilichoko Uganda haina meno pia, kwa kuwa mgogoro wa ardhi husikilizwa pale ardhi ilipo.

*Mshinda-hukumu.* Si yule aliyefungua kesi tu. Ni pamoja na warithi wake na yeyote aliyehamishiwa haki hiyo kihalali. Kama aliyeshinda amefariki, hati ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa nje haitoshi. Kwa hati za nchi za Jumuiya ya Madola, ipelekwe kwanza Mahakama Kuu ya Uganda ipigwe muhuri upya chini ya sheria yake maalumu. Ukiruka hatua hiyo, pingamizi la kwanza litakuwa kwamba mwombaji si mwenye haki, na litashinda.

*Mdaiwa wa hukumu.* Ni mtu ambaye hukumu inaweza kukaziwa dhidi yake kule ilikotolewa. Hapa ndipo majina huleta balaa. Jina la biashara lililosajiliwa ni kitu kimoja, kampuni yenye dhima yenye mipaka ni kingine, hata kama mwenye duka ni yule yule na bango mlangoni ni lile lile. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa kampuni, URSB, kabla ya kulipa ada yoyote mahakamani. Kama hukumu ni dhidi ya mtu binafsi na lori ni la kampuni yake, lori hilo si la mdaiwa wako.

*Hukumu ya mwisho.* Hapa sheria mbili za Uganda zinatofautiana, na tofauti hiyo huamua kesi. Chini ya Sheria ya Hukumu za Nje (Kukaziana), Sura ya 9, hukumu huhesabiwa kuwa ya mwisho hata kama rufaa imekatwa kule nje, ingawa mahakama ya Uganda inaweza kusimamisha mambo ikisubiri rufaa. Chini ya Sheria ya Kukaziana Hukumu, Sura ya 21, mdaiwa akionyesha kwamba rufaa yake bado inasubiri, au kwamba ana haki ya kukata rufaa na anakusudia kufanya hivyo, usajili haufanyiki. Kwa hiyo ukiwa Sura ya 21, pata kwanza cheti cha msajili wa kule kinachosema hakuna rufaa iliyofunguliwa na muda umekwisha.

Hatua ya 2: Chagua mlango

Milango ni minne. Ukiingia usiokuwa wako, hakuna anayekuhamisha kwa hisani. Ombi hutupwa na gharama unabeba wewe.

Mlango wa kwanza ni wa Kenya, Tanzania na Malawi: Sheria ya Kupanua Hukumu, Sura ya 12. Inahusu dikrii ya deni, fidia au gharama za kesi. Utaratibu wake ni wa kuhamisha dikrii kutoka mahakama iliyoitoa kwenda mahakama ya Uganda yenye mamlaka mahali mdaiwa anapoishi au alipo na mali. Hivyo kazi inaanzia kwenye masijala ya kule ulikoshindia. Omba mahakama iliyotoa dikrii iihamishe rasmi, na hakikisha bahasha ina vitu vitatu ambavyo dikrii yoyote inayohamishwa kwa ajili ya kukaziwa huambatana navyo: nakala ya dikrii, cheti kinachosema dikrii haijatimizwa au imetimizwa kwa kiasi gani, na nakala ya amri yoyote ya kukazia iliyokwishatolewa, kama haipo, cheti kinachosema haipo. Hicho cha tatu ndicho husahaulika zaidi. Kuhusu mahakama ya kupokea, kumbuka viwango vya Uganda: hakimu wa daraja la kwanza hafiki zaidi ya shilingi milioni 20, hakimu mkuu milioni 50, na juu ya hapo ni Mahakama Kuu. Hizo ni shilingi za Uganda. Deni la Kenya linaloonekana dogo kwa namba likibadilishwa linaweza kuvuka kiwango.

Mlango wa pili ni Sura ya 21, iliyotungwa kwa ajili ya hukumu za mahakama za juu za Uingereza, na Waziri ana uwezo wa kuipanua kwa nchi nyingine za Jumuiya ya Madola. Usajili hapa si haki ya moja kwa moja. Mahakama Kuu husajili ikiona ni haki na inafaa hukumu ikaziwe Uganda.

Wa tatu ni Sura ya 9, kwa nchi ambazo Waziri amezitaja kwa amri baada ya kuridhika kwamba nazo zinazipokea hukumu za Uganda. Huko ndiko kutambuliana kwenyewe: wao wakizitambua zetu, sisi tunazitambua zao. Usikisie kama nchi yako imo. Muombe wakili akuonyeshe amri yenyewe kwa macho, si kwa maneno. Hukumu ikishakuwa ya kusajiliwa chini ya sheria hii, njia ni usajili tu. Kufungua kesi mpya juu yake hakukubaliwi.

Nchi isipoonekana katika sheria wala amri yoyote, kama hukumu imetoka Bunia au Goma na hukuiona Congo kwenye amri hizo, unabaki na mlango wa nne: kesi mpya ya kawaida Uganda, ambayo chanzo chake ni ile hukumu ya nje kama deni. Huna haja ya kuthibitisha upya kwamba magunia ya mchele yalifikishwa. Unathibitisha kwamba hukumu ipo, ni ya mwisho na haijalipwa. Mdaiwa naye amebakiwa na hoja sita tu, zilizomo katika kifungu cha 9 cha Sura ya 71: mahakama haikuwa na mamlaka, hukumu haikugusa kiini cha mgogoro, ilikosea waziwazi juu ya sheria ya kimataifa au ilikataa kutumia sheria ya Uganda pale ilipopaswa, mwenendo ulikiuka haki ya asili (kama haki ya kila upande kusikilizwa), ilipatikana kwa udanganyifu, au dai lenyewe linavunja sheria ya Uganda.

Hoja ya kiini cha mgogoro ni hatari kuliko zote. Kama ulishinda kwa sababu mdaiwa hakutokea na mahakama ikaandika hukumu bila kusikiliza ushahidi, utaulizwa mgogoro uliamuliwa wapi. Ukiwa bado uko kwenye kesi ya nje na unajua mali iko Uganda, usikimbilie hukumu ya kutotokea kwa mdaiwa. Omba kuthibitisha dai kwa shahidi, hata mmoja, na uombe hakimu aandike sababu. Siku moja ya ziada mahakamani kule inaweza kukuokoa mwaka mzima huku.

Hatua ya 3: Hesabu siku kabla ya yote

Sura ya 21: miezi 12 tangu tarehe ya hukumu. Mahakama inaweza kuongeza muda, lakini uje na sababu iliyoapiwa, na si "sikujua".

Sura ya 9: miaka 6 tangu tarehe ya hukumu, au tarehe ya hukumu ya mwisho katika rufaa kama rufaa ilikuwepo.

Kesi mpya juu ya hukumu: Sheria ya Ukomo wa Madai ya Uganda inaweka miaka 12 kwa kesi inayotegemea hukumu. Riba ni jambo jingine. Malimbikizo ya riba ya zaidi ya miaka 6 hayadaiwi.

Saa inaanza siku hukumu iliposomwa. Siku ulipopewa nakala haihesabiki. Masijala inaweza kuchukua miezi kutoa nakala iliyothibitishwa, na mtu anayengoja nakala hiyo huku hajamtafuta wakili Uganda ndiye anayekutwa mwezi wa 13. Omba nakala kwa barua siku ile ile hukumu inaposomwa, na tunza nakala ya barua hiyo yenye mhuri wa kupokelewa. Ndiyo itakayokuwa sababu yako ukihitaji kuongezewa muda.

Hatua ya 4: Andaa makaratasi

Nakala ya hukumu na ya dikrii, zote zikiwa zimethibitishwa na msajili wa mahakama ya awali kwa sahihi na mhuri. Fotokopi iliyopigwa mhuri na wakili haitoshi.

Uthibitisho kwamba mdaiwa alipewa wito wa mahakama: hati ya kiapo ya aliyempelekea, ikitaja tarehe, mahali na namna. Pingamizi linalopendwa kuliko yote ni "sikuitwa", nalo huzaa hoja ya haki ya asili papo hapo. Kama mdaiwa alikuwa Uganda wakati wito unapelekwa, onyesha pia kibali cha mahakama ya kule cha kupeleka wito nje ya mipaka yake.

Uthibitisho wa mamlaka. Mahakama ya awali ilimpataje mdaiwa? Aliishi pale, alifanya biashara pale, alitokea kwa hiari yake kujitetea, au alikubali kwa mkataba kwamba mahakama za pale ndizo zitakazoamua? Angalau moja lazima ionekane kwenye karatasi. Mkataba wenye kifungu hicho uambatishwe mzima, si ukurasa mmoja.

Hesabu ya deni. Iandike kwa mtiririko ambao msajili anaweza kuufuata kwa kalamu. Mfano: hukumu ya shilingi za Kenya 4,200,000 yenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka, isiyo ya riba juu ya riba. Kwa mwaka ni 504,000, kwa miezi 18 ni 756,000, jumla 4,956,000. Ongeza gharama za kesi zilizokadiriwa na mahakama, tuseme 310,000: 5,266,000. Kama mdaiwa alilipa 1,000,000 siku ya mwisho ya hesabu hiyo, kilichobaki ni 4,266,000, na hicho ndicho cha kuombea. Kuomba kiasi kizima huku ukijua sehemu imelipwa kunampa mdaiwa hoja ya udanganyifu bure. Ambatisha viwango vya kubadilisha fedha vya Benki Kuu ya Uganda vya siku mbili, siku ya hukumu na siku ya ombi, ili mahakama isikurudishe kuvitafuta.

Tafsiri. Lugha ya mahakama za Uganda ni Kiingereza, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama zake. Matokeo yake, hukumu ya Bukoba iliyoandikwa kwa Kiswahili safi, ambayo hakimu wa Masaka pengine anaielewa vizuri, bado lazima ije na tafsiri ya Kiingereza na kiapo cha mtafsiri. Inauma, lakini ndivyo ilivyo. Mtafsiri aape kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili. Asiache hata mhuri na maandishi ya pembeni.

Hati ya kiapo ya mwombaji: majina kamili ya pande zote, kazi zao, makazi ya mwisho yanayojulikana, kiasi kisicholipwa, na tamko kwamba hukumu haimo katika zile zinazozuiwa kusajiliwa. Kama anayeapa ni mwakilishi wako, hati ya uwakilishi iliyotiwa sahihi nje ithibitishwe na mthibitishaji wa hati wa kule, kisha isajiliwe URSB na kulipiwa ushuru wa stempu.

Hatua ya 5: Fungua ombi

Wakili awe ameandikishwa Uganda na ana leseni ya mwaka huo. Wakili wako wa Nairobi anaweza kumsaidia kwa mafaili na ushauri, lakini hawezi kutia sahihi ombi. Mahakama Kuu hupokea mafaili kwa mfumo wa kielektroniki ulioanza kutumika Machi 2022, hivyo skani kila ukurasa kwa uwazi. Mhuri uliofifia usiosomeka kwenye kioo ni kama haupo. Deni la kibiashara hupelekwa Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu kilichoko Kampala, au kituo cha Mahakama Kuu kilicho karibu na mali.

Uwe tayari kwa suala la dhamana ya gharama, hasa kwenye mlango wa nne. Chini ya Amri ya 26 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai, mahakama inaweza kumwamuru mdai aweke fedha za kufidia gharama za mdaiwa endapo kesi itashindwa, na kuishi nje ya nchi ni sababu inayotajwa mara nyingi. Fedha zisipowekwa kwa muda uliopangwa, kesi hufutwa. Mkaazi wa Afrika Mashariki ana ngao nzuri: katika kesi ya Shah dhidi ya Manurama, iliyoripotiwa mwaka 2003, Mahakama Kuu ya Uganda ilikataa dhana kwamba mdai anayeishi nchi jirani ya Jumuiya lazima aweke dhamana, kwa sababu hukumu za Uganda zinaweza kukaziwa kwake kule kule aliko. Mwambie wakili aiweke kwenye majibu yake mapema. Haikuondoi kabisa kwenye hatari hiyo. Mdai asiye na mali popote anaweza bado kuamriwa kuweka fedha.

Kumbuka pia kwamba haki ya kusikilizwa katika ibara ya 28 ya Katiba ni ya "mtu", haikusema raia. Ukiambiwa kwenye kaunta kwamba mgeni hafungui kesi, omba kuonana na msajili.

Hatua ya 6: Baada ya usajili

Mdaiwa lazima apewe taarifa ya usajili, na ana muda wa kuomba ufutwe. Usimtume dalali wa mahakama kabla ya muda huo kwisha. Mali iliyokamatwa mapema hurudishwa, na wewe unalipa hasara.

Muda ukipita bila pingamizi, hukumu inakaziwa kama ya Uganda: kukamata mali na kuiuza, kuzuia fedha zilizo benki au kwa mtu anayedaiwa na mdaiwa huyo, au kumpeleka mdaiwa gereza la madai kwa muda usiozidi miezi 6. Kuzuia akaunti ni haraka na nafuu kuliko kuuza lori, ila unahitaji kujua benki na tawi. Risiti za zamani za malipo na hundi alizokupa mdaiwa mara nyingi zina habari hiyo. Zitafute kabla ya kumlipa mpelelezi.

Ikiwa ulichonacho ni kitu kingine

Uamuzi wa usuluhishi wa kibiashara una njia yake. Uganda iliingia Mkataba wa New York, ule wa kimataifa wa kutambua maamuzi ya usuluhishi ya nje, mwaka 1992, na Sheria ya Usuluhishi na Upatanishi ya mwaka 2000 inaupa nguvu. Ukiwa na uamuzi wa namna hiyo, usiupitishe kwenye Sura ya 9 bila sababu.

Amri ya matunzo ya mke au watoto kutoka nchi ya Jumuiya ya Madola huenda kwa Sheria ya Kukazia Amri za Matunzo, Sura ya 17, kwa kuwa malipo ya kila mwezi yanayoweza kubadilishwa hayafanani na deni lililofungwa.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha hushughulikia matendo ya nchi wanachama na taasisi za Jumuiya yanayokiuka Mkataba wa kuanzisha Jumuiya; si mahali pa kumdai mfanyabiashara. Muda wa mtu binafsi kufika huko ni miezi 2 tu. Ikishatoa hukumu ya fedha, ibara ya 44 ya Mkataba huo inataka msajili wa Mahakama hiyo ya Arusha athibitishe tu kwamba hukumu ni halisi, kisha ikaziwe.

Na kama wewe ndiye Mganda mwenye hukumu ya Kampala na mdaiwa amehamia Eldoret: Uganda imetajwa katika amri ya Kenya chini ya sheria yao ya kukaziana hukumu za nje, Sura ya 43 ya mwaka 1984. Ombi huenda Mahakama Kuu ya Kenya ndani ya miaka 6. Soma maana ya "mahakama iliyoteuliwa" katika sheria hiyo kabla hujaanza, hasa kama hukumu yako ni ya hakimu, na chukua kutoka kwa msajili wa Uganda nakala iliyothibitishwa pamoja na cheti cha kiasi ambacho hakijalipwa, vyote viwili siku moja, ili tarehe zake zilingane.